Mvuke Ndani ya Gari la Tofu

"Unatafuta jino bovu?"

Swali hilo lilimkuta Chizuru Unno ameinama juu ya meza namba arobaini na saba, mkononi kashika kile kioo cha duara chenye mpini mrefu wanachotumia madaktari wa meno, amekipenyeza chini ya gari jekundu la plastiki lenye urefu wa kiganja. Hakushtuka. Alimaliza kwanza kuangalia alichokuwa anaangalia.

"Nimeshalipata," alisema bila kuinua kichwa. "Bomba lako la moshi linagusa ekseli. Gari hili likiwashwa halifiki kona."

"Haliwashwi, dada. Ni la plastiki."

"Wavivu wote husema hivyo hivyo."

Ilikuwa Mei, wiki ya maonyesho, na sisi wa Shizuoka tukisema maonyesho hatuhitaji kuongeza neno. Vilabu vya mafundi wa magari madogo ya plastiki vilikuwa vimekuja kutoka kila upande wa Japani, kila kimoja na meza yake na kitambaa chake, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakawa wanatembea kiubavu. Harufu ya rangi ilikuwa juu ya kila kitu. Katikati ya zogo hilo alisimama Ryohei Mochizuki, mwenye gari, mrefu, mwembamba, kavaa shati la bluu la klabu lililomwishia juu ya vifundo vya mikono, akimtazama mwanamke aliyevaa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe, nywele kazibana kwa penseli. Alikuwa amekwisha kasirika. Alikuwa pia amekwisha penda, ila hilo la pili hakulijua mpaka jioni.

"Na la kwako liko wapi, fundi?" aliuliza.

Chizuru alimpeleka meza ya nyuma kabisa, karibu na choo. Lilikuwa gari la kubebea mchanga, kutu ya rangi mlangoni, tope kavu kwenye matairi, na siti imechanika mahali ambapo dereva huegemea akishuka.

"Hili umelitoa kaburini?" Ryohei aliuliza.

"Hili limefanya kazi. Lako limetoka dukani likaingia kabatini, hata mbu halijawahi kumgonga."

Ryohei alicheka mpaka mzee wa meza jirani akamkazia macho. Kisha akauliza jambo alilotaka kuliuliza tangu mwanzo: kile kioo cha meno alikipata wapi? Chizuru akamwambia ni fundi wa kutengeneza meno ya bandia, anayachonga siku nzima maabara, na jioni anachonga magari jikoni kwa baba yake. Ryohei akamwambia yeye anachonga kalibu, zile za chuma zinazomwagiwa plastiki kiwandani, na kwamba huenda hilo gari la mchanga lilizaliwa mikononi mwake.

"Kumbe wewe ndiye uliyeniwekea mstari wa kalibu katikati ya boneti!" Chizuru alisema. "Nimeupiga msasa siku mbili. Siku mbili, bwana wewe!"

"Basi nina deni. Unakula odeni?"

Walikula odeni, chakula cha kuchemshwa polepole sufuriani, kwenye uchochoro wa Aoba, mchuzi mweusi, mayai na konyagi ya mchele, wakinyunyizia unga wa dagaa, na mama mwenye kibanda akawaambia wapunguze sauti kwa sababu wateja wengine walidhani wanagombana.

Hivyo ndivyo walivyopendana, na hivyo ndivyo walivyoendelea mwaka mzima. Simu yao ya usiku haikuwa na sukari nyingi kwa anayeisikia kwa mbali.

"Umelala, fundi meno?"

"Nasubiri rangi ikauke."

"Mimi nikija utanisubiri hivyo?"

"Wewe huna mng'ao wa kutosha. Lala, mpenzi."

Jumamosi Ryohei alikuwa akipanda treni ndogo mpaka mtaa wa Komagata, kwa mzee Genzo, baba yake Chizuru. Zamani nyumba ile ilikuwa duka la tofu, ile jibini laini ya maharage ya soya. Bado kulikuwa na birika kubwa la mawe mbele, limekauka, na mzee bado alivaa aproni yake ya buluu ya kutengenezea tofu kila asubuhi ingawa hakuwa na tofu ya kutengeneza. Mkewe, Sawae, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Tangu siku ya mazishi mzee hakuwahi kulitamka jina lake. Alikuwa akisema "yule", au alinyamaza.

Ni kwa ajili ya Sawae Chizuru alikuwa akitengeneza gari lile. Lilikuwa gari dogo jeupe la mizigo, ambalo mama yake alikuwa akilipakia tofu alfajiri na kuzunguka nalo mitaani, akipuliza tarumbeta ya kuita wateja. Gari lenyewe lilikwenda kwenye vyuma chakavu miaka kumi na miwili iliyopita. Picha zilikuwa mbili tu, na zote mbili za nje. Ndani Chizuru alijenga kwa kumbukumbu: mkeka wa mpira sakafuni, redio iliyopoteza kitufe, sehemu ya usukani iliyolika. Miaka mitatu alikuwa analijenga, na kila lilipokaribia kuisha alikuwa akiona kosa, analibomoa, anaanza tena.

Aprili ya mwaka uliofuata Ryohei alimuuliza. Walikuwa kwenye kile kibanda cha odeni, mvua inapiga turubai, Chizuru kavaa koti la kijani na hereni alizojitengenezea kutokana na taa za nyuma za gari.

"Kiwanda kinataka kunipeleka Manila," Ryohei alisema. "Kuna tawi jipya, wanataka mtu wa kalibu. Miaka mitatu. Nina mpaka Ijumaa ya kabla ya maonyesho kusema ndiyo au hapana."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema hapana. Lakini nataka niseme hapana nikiwa na sababu." Alifuta mikono kwenye suruali. "Chizu, nioe. Yaani, nikuoe. Tuoane, basi!"

Chizuru alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. Alilisukuma yai pembeni mwa sahani yake.

"Gari likiisha nitakujibu," alisema.

"Gari haliishi hilo. Unaogopa kulifunga."

"Naogopa nini?"

"Ukishalibandika bodi hutaingia tena ndani. Unaogopa hapo."

Alisema kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Wiki nzima Chizuru alikuwa akipokea simu zake kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Halafu akalainika, akamwambia amwandalie stika za maji, zile za kulowesha kabla ya kubandika, zenye jina la duka, atazibandika Jumapili, na baada ya hapo gari litakuwa tayari kwa maonyesho. Ryohei alielewa hiyo ni ahadi. Alilala vizuri siku ile kwa mara ya kwanza tangu barua ya Manila.

Jumamosi asubuhi alizileta stika. Chizuru alikuwa maabara. Mzee Genzo alimkaribisha chai ya kijani, wakanywa wakitazamana kama kawaida yao, Ryohei akaiacha bahasha juu ya meza ya jikoni, kando ya boksi la gari, akaondoka. Hakuligusa boksi.

Jumapili saa nne asubuhi Chizuru alifunua kifuniko.

Hakupiga kelele. Ryohei, aliyekuwa akimimina maji kwenye kisahani cha stika, aliona tu mabega yake yanapanda na kubaki pale pale.

Vioo vyote vya gari vilikuwa vyeupe. Cha mbele, cha nyuma, vya milango, vyote vimetanda ukungu mzito mpaka ndani hakuonekani kitu. Na bodi, ambayo Ijumaa ilikuwa imeegeshwa tu juu ya chasisi, sasa ilikuwa imeshika. Chizuru alijaribu kuinua kwa kucha. Haikutikisika.

"Supaglu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Kuna mtu ametia supaglu humu akafunga."

Kila anayejenga magari haya anajua jambo hilo tangu wiki yake ya kwanza. Supaglu hutoa moshi usioonekana, na ukiufungia pahali pasipo hewa unatua juu ya plastiki angavu na kuganda, na vioo vinakuwa kama macho ya samaki wa jana. Karibu na vioo mtu hutumia gundi nyeupe ya mbao, basi. Fundi hafanyi kosa hilo. Hulifanya mtu asiyejua.

Ryohei aliinua macho. Mzee Genzo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na uso wake ulikuwa umeishiwa damu. Alikuwa anavitazama vile vioo. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa na gamba jeupe, gumu, la gundi iliyokauka, na mzee alipoona Ryohei anakitazama aliuingiza mkono mzima chini ya aproni.

Hapo Ryohei alielewa nani, ingawa hakuelewa kwa nini. Alimwona mzee wa miaka sabini na tatu anafungua mdomo na kuufunga, anafungua na kuufunga, na hakuweza kuvumilia.

"Ni mimi," Ryohei alisema.

Chizuru aligeuka.

"Jana. Nilikuta kioo cha ndani kimelegea, nikakibandika. Nikaona afadhali nifunge na bodi kabisa."

"Wewe?"

"Ndiyo."

"Wewe mchonga kalibu. Wewe unayeijua gundi ya mbao."

"Nilikuwa na haraka."

Hakukuwa na neno baya zaidi ambalo angeweza kulichagua. Alilisikia mwenyewe likitoka, na alitamani alirudishe.

"Haraka," Chizuru alirudia. "Haraka ya nini, Ryohei? Ya Ijumaa, sivyo? Nilisema gari likiisha nitakujibu, ukaona ulimalize wewe. Umenifungia gari la mama yangu ili upate jibu lako kabla ya Ijumaa!"

"Chizu, sikiliza..."

"Usiniite Chizu. Miaka mitatu! Na hukuniuliza hata kwa simu." Alikuwa analia sasa, na alikasirika zaidi kwa kuwa analia. "Jibu lako hili hapa. Hapana. Nenda Manila. Nenda leo ukitaka."

Ryohei alimtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama sakafu. Ryohei akawaza: leo ana aibu, kesho atamwambia mwenyewe. Akavaa viatu vyake, akainama kwa heshima mlangoni, akatoka, mkono wake bado unachuruzika maji ya stika.

Mzee Genzo naye, aliyebaki na binti anayelia jikoni, aliwaza kwamba kijana atajitetea mwenyewe kesho, maana nani hubeba kosa lisilo lake? Basi kila mmoja akamwachia mwenzake kusema, na hakuna aliyesema.

Jumatatu Ryohei alipiga simu mara tatu. Jumanne mara moja, na hiyo Chizuru aliipokea.

"Baba yako hajambo?" Ryohei aliuliza.

"Umenipigia kumuuliza baba?"

"Hajakwambia kitu?"

"Aniambie nini? Yeye hata wewe hakutaji. Anakaa tu. Una la kusema au huna?"

Ryohei alikuwa nje ya kiwanda, mashine zinaunguruma nyuma yake. Alikuwa na la kusema, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikwisha kumwona mzee kwenye ule mlango wa jikoni, na kama mzee mwenyewe hakuwa amesema mpaka leo, basi lilikuwa jambo zito kuliko gundi.

"Sina," alisema.

"Haya. Kazi njema."

Jumatano, Ryohei Mochizuki alitoa muhuri wake wa jina kwenye droo, akaupulizia pumzi, akaugonga kwenye karatasi ya Manila. Wenzake walimpigia makofi. Alikunywa bia mbili nao akaenda kulala akiwa na soksi.

Alhamisi Chizuru hakwenda kazini. Alisema anaumwa, na hakuwa mbali na ukweli. Alikaa jikoni mbele ya boksi, kavaa sweta kuukuu la mama yake, akaamua kulivunja gari. Kwenye maonyesho hangelipeleka hivyo, na kulitupa hangeweza. Afadhali aokoe siti na usukani.

Aliingiza wembe mwembamba kwenye mshono wa chini, akaanza kukata, nukta kwa nukta. Nguzo ya mbele ililia ikapasuka. Alifumba macho. Kisha akaendelea, bodi ikaachia, akaiinua.

Kulikuwa na kitu kinaning'inia kwenye kioo cha ndani, kile cha dereva kutazamia nyuma.

Alidhani ni uzi uliosalia. Akachukua kile kioo chake cha meno na kibano, akasogeza taa. Ilikuwa tarumbeta. Tarumbeta ya tofu, ndogo kuliko punje ya mchele, imesokotwa kutokana na waya wa shaba, mdomo wake umefunguliwa kwa sindano. Ilikuwa imefungwa kwa kijiuzi cha buluu iliyopauka, mafundo mawili, moja juu ya jingine.

Chizuru aliweka kibano mezani. Kamba ya ile tarumbeta ilikatika mwaka aliokuwa darasa la pili. Mama yake alichana kipande cha aproni ya baba, akaifunga pale pale barabarani, mafundo mawili, akacheka kwamba mzee atamuua. Chizuru alikuwa nyuma, amekaa juu ya masanduku ya tofu. Alikuwa amesahau. Miaka mitatu ya kujikamua kumbukumbu, na hilo alikuwa amelisahau. Na Ryohei hakuwahi kuliona lile gari, wala picha ya ndani haikuwepo duniani.

"Baba!"

Mzee alikuja taratibu, kama mtu aliyeitwa polisi. Alipoona gari limefunguliwa alipiga magoti kwenye mkeka.

"Nilitaka kumtilia tarumbeta yake," alisema. "Ulikuwa umeisahau. Wiki tatu nimeitengeneza, kwa ile lenzi ya kusomea gazeti. Nikatumia ile supaglu ya kubandikia ndala. Sikujua, mwanangu. Ikanimwagikia, nikabonyeza bodi ikashika, nikafunga boksi nisikuharibie zaidi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unalia."

"Ryohei alisema ni yeye!"

"Aliniona kidole," mzee alisema, akakinyoosha kidole gumba, na bado kilikuwa na alama nyeupe. "Nilimngoja ajitetee. Siku nne namngoja. Mpumbavu yule, hajitetei."

Chizuru alikuwa ameshashika simu. Ilikuwa Alhamisi, mwisho ulikuwa Ijumaa, kulikuwa na siku nzima. Simu iliita mara saba.

"Wewe ni mwongo," alisema iliposhikwa.

"Nani?"

"Wewe! Nimelifungua gari. Nimeona tarumbeta. Baba amesema kila kitu. Kwa nini ulinidanganya, Ryohei? Ulidhani mimi nitamla baba yangu?"

"Hukuuona uso wake," Ryohei alisema. "Ungeuona na wewe ungedanganya."

"Ningekuambia wewe! Wewe ningekuambia! Ulinipigia Jumanne, ukanyamaza. Ulikubali nikuchukie kuliko kuniaminia siri ndogo hivyo."

"Ilikuwa yake. Haikuwa yangu kuitoa."

"Sawa. Sawa, umeshinda, wewe ni mtu mwema sana, na ninakuchukia. Mwisho ni kesho. Waambie hapana."

Chizuru alijua kabla Ryohei hajasema.

"Nimegonga muhuri jana," Ryohei alisema. "Naondoka tarehe saba Juni. Watu wengine wameshapangwa kwa ajili yangu, Chizu. Siwezi kuurudisha."

Alipita mtu barabarani na baiskeli, akapiga kengele. Mzee Genzo, bado kapiga magoti, alikuwa anasikia yote.

"Jumamosi uje kwenye maonyesho," Chizuru alisema.

"Chizu..."

"Nimesema uje." Akakata simu, akatoka mbele, akaegemea birika la mawe, akalia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anamsikia.

Alipomaliza kulia alirudi mezani. Alikuwa na vioo vyeupe sita na siku mbili. Ukungu wa supaglu unafutika, ukiwa na subira na mafuta kidogo kwenye pamba. Alichovya pamba, akaishika bodi kwenye mwanga, akaanza na dirisha la dereva. Alifuta duara dogo, ukubwa wa punje ya dengu, na hapo akasimama.

"Baba," alisema. "Asubuhi, mama alikuwa anapakia tofu ikiwa ya moto?"

"Ya moto kabisa. Nilimwambia asubiri ipoe. Alikuwa hasubiri."

"Na vioo?"

Mzee aliinuka, akaja akatazama juu ya bega lake. Akalitazama lile duara safi katikati ya weupe. Akanyoosha mkono, akafanya kwa ngumi yake hewani vile mtu anavyofuta kioo kwa mkono wa sweta ili aione njia.

"Hivyo hivyo," alisema. "Duara moja tu. Nilikuwa namgombeza, nikimwambia atagonga mtu."

Chizuru aliiweka pamba chini, na vile vioo vingine hakuvigusa. Aliigundisha nguzo iliyopasuka, akailaza tarumbeta mahali pake, akabandika stika za Ryohei, na Ijumaa saa tisa alasiri akaishusha bodi juu ya chasisi na kuifunga, kwa gundi ya mbao, kwa mkono wake mwenyewe. Baba yake alikuwa amemshikia taa.

Jumamosi ukumbi ulijaa kama mwaka ule. Chizuru alikuwa amevaa lile gauni la haradali. Mzee Genzo alivaa suti yake ya mazishi na viatu vya kahawia, kwa sababu vyeusi vilimbana, akasimama nyuma ya meza namba kumi na mbili kama askari wa zamu. Ryohei alitokea saa tano, shati lile lile fupi la mikono, macho mekundu. Alimwamkia mzee kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee alikohoa. "Kijana, mimi ni mzembe. Wewe pia ni mzembe. Tazama gari."

Ryohei aliinama. Chizuru alimpa kile kioo cha meno bila kusema neno. Ryohei aliona vioo vyeupe, akadhani hawakuwa wamewahi kuvisafisha. Kisha akaona lile duara kwenye dirisha la dereva, na kupitia duara, ndani, kule kwenye kiza cha gari, tarumbeta ya shaba inaning'inia kwa uzi wa buluu. Aliinuka, akamrudishia Chizuru kioo.

"Ni alfajiri," alisema.

"Ni alfajiri," Chizuru aliitikia. "Sasa soma kadi."

Kila gari kwenye maonyesho lina kadi yake: jina la gari, majina ya waliolitengeneza. Ryohei alisoma. *Tofu ya Unno, saa kumi na moja asubuhi. Genzo Unno. Chizuru Mochizuki.*

"Hapa mmekosea," alisema. "Jina lako. Mmeweka ukoo wangu."

"Soma tena."

"Nimesoma."

"Basi hujui kusoma. Nilisema gari likiisha nitakujibu." Chizuru alilisogeza gari karibu naye. "Limeisha. Nimelifunga mwenyewe."

Ryohei aliishika kadi kwa mikono miwili. "Naondoka baada ya wiki tatu, Chizu. Miaka mitatu. Jumapili iliyopita ungeandika hivi, nisingekwenda popote."

"Najua. Na wewe Jumanne ungefungua mdomo, nisingekuambia nenda. Tumeshaharibu wote, Ryohei. Sasa unanitaka au hunitaki? Watu wanapita hapa, usinisimamishe."

"Nakutaka! Lakini mzee..."

"Huko Manila," mzee Genzo aliingilia, akiwa bado anatazama mbele kama askari, "watu wanakula tofu?"

Ryohei alichanganyikiwa. "Wanakula, mzee. Nimeuliza. Inauzwa barabarani asubuhi na mapema, mtu anapita anaita. Ya moto. Wanaimwagia sharubati ya sukari."

"Sukari?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenye tofu?" Mzee alimgeukia kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa na hasira ya kweli kabisa. "Basi mwende wote wawili mkawakataze. Mimi nina miguu, nina jiko, na Jumapili mtanipigia simu. Chizuru, usinitazame hivyo. Nenda."

Chizuru alifunika mdomo kwa kiganja. Ryohei aliupitisha mkono wake chini ya meza, akautafuta wa Chizuru, akaukamata, na wakabaki wamesimama hivyo mbele za watu, wekundu wote wawili mpaka masikioni.

Mama mmoja mnene mwenye kofia ya majani alisimama mezani kwao. Alilitazama gari, akasogea, akakunja uso.

"Samahani, baba," alimwambia mzee. "Kazi nzuri, lakini mbona vioo vina ukungu? Vimeharibika?"

Chizuru alivuta pumzi ajibu. Mzee alimwahi.

"Havijaharibika. Ni mvuke wa tofu," alisema. "Mke wangu alikuwa anaipakia ikiwa bado ya moto. Nilimkataza miaka thelathini." Akakinyoosha kile kidole gumba, akalionyesha lile duara dogo safi. "Sawae aliitwa. Hapo ndipo Sawae alikuwa anachungulia."